Doa la kutu ni kazi ya mwenye gari

Lilikuwa lengelenge dogo, kubwa kidogo kuliko punje ya choroko, kwenye ukingo wa bodi juu ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Nililigundua Jumamosi moja asubuhi nikiosha gari. Macho hayakuliona, kidole ndicho kilichokwama kwenye mwinuko wake, maana rangi ilikuwa bado nyeupe na haijapasuka. Nikalibonyeza kwa ukucha. Likavunjika kama ganda la yai, likatoa tone la maji mekundu kama chai ya rangi. Nikachukua bisibisi nikakwangua kidogo kidogo, nikitarajia kukuta chuma. Nikakuta unga wa kahawia, kisha magamba, kisha unga tena. Choroko ikawa kifuniko cha soda, na kifuniko cha soda kikawa kiganja cha mtoto.

Mahali penyewe hapakuwa pageni kwangu. Miezi minane nyuma nilikuwa nimelipeleka gari gereji kwa ajili ya doa hilohilo. Nililipa nilichoambiwa, nikakabidhiwa gari jioni ya siku ileile likiwa linang'aa, na kwa miezi kadhaa nililiendesha nikiamini kwamba jambo hilo limekwisha. Jumamosi ile nilipofukua ndipo nilipoona kilichofanyika. Palikuwa na puti nene, imesuguliwa kwa ustadi, na chini ya puti palikuwa na kutu ileile niliyoipeleka, haijaguswa hata na msasa. Puti ilikuwa imejazwa juu ya ugonjwa kama plasta juu ya jipu.

Nilikasirika, lakini hasira ilipopoa nilibaki na swali ambalo limenisumbua tangu hapo. Fundi yule alikuwa na mkono mzuri. Kazi ya kusawazisha puti mpaka ikafuata mkunjo wa bodi si kazi ya mtu asiyejua. Kwa nini basi mtu mwenye ujuzi kiasi kile aliacha kutu ndani?

Jibu nililolifikia ndilo ninalotaka kulitetea hapa. Kazi ya kutu karibu yote iko katika sehemu ambayo haitaonekana ikiisha. Kukwangua, kusugua, kuchokonoa vishimo, kupaka dawa, kusubiri, kurudia. Rangi ni dakika chache za mwisho, na rangi ndiyo peke yake inayoonekana. Fundi analipwa kwa kinachoonekana, na mteja yuko nyuma yake anauliza kama gari litakuwa tayari kabla ya jioni. Mimi mwenyewe niliuliza hivyo. Nani basi ana sababu ya kukaa saa tatu akikwangua mahali padogo namna hiyo? Ni yule atakayekuwa na gari hilo mvua za mwaka ujao, na za mwaka wa kufuata. Kwa hiyo nasema doa dogo la kutu ni kazi ya mwenye gari, nyumbani kwake, kwa mikono yake mwenyewe. Mafundi wa bodi wana kazi nyingi zinazowahitaji wao, na nitazitaja. Hii si mojawapo.

Ninaishi Kigamboni, mahali ambapo usiku bahari husikika. Kusi ikianza kuvuma, vioo vya madirisha hupata ukungu ambao ukiulamba una chumvi. Gari linalolala nje hupata ukungu huohuo. Chuma kinahitaji vitu viwili tu ili kishike kutu: maji na oksijeni ya hewani. Chumvi si lazima, lakini ikiwepo mambo huenda mbio, kwa sababu kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme. Sehemu moja ya chuma hutoa elektroni, sehemu nyingine huzipokea, na unyevu ulio juu yake hufunga mzunguko, kama inavyokuwa ndani ya betri. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya mvua. Zaidi ya hapo, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo gari lenye vumbi la chumvi hubaki na utando wa maji usioonekana hata katika siku kavu. Kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 9223 hupanga hewa ya mahali kwa ukali wake juu ya vyuma, kuanzia C1 mpaka C5, na juu ya hapo CX. Ndani ya ofisi kavu ni C1. Kando ya bahari penye mawimbi na joto hupanda juu ya ngazi hiyo, na hapo ndipo sisi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja tunapoegesha magari yetu.

Wengi huuliza mbona sufuria za alumini hazioti kutu. Alumini nayo huungana na oksijeni, tena upesi sana, ila ule utando wake hushikamana na kuifunika kama ngozi. Kutu ya chuma haishikamani. Ni laini, ina vinyweleo, hunyonya maji na kuyatunza. Tena hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na hata zaidi, na ndiyo sababu huinua rangi. Lengelenge unaloliona ni kutu ikitafuta nafasi. Ukiliona leo, jua kwamba kazi imekwisha kuendelea muda mrefu chini yake.

Rangi ya kiwandani yenyewe, pamoja na tabaka zake zote kuanzia praima iliyoshikizwa kwa umeme mpaka ule utando wa juu unaong'aa, ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kokoto moja iliyorushwa na lori kwenye barabara ya vumbi inatosha kuitoboa. Kuanzia hapo, kutu haiendi chini tu. Husambaa pembeni, ikijipenyeza kati ya chuma na rangi iliyo nzima, na ndiyo maana doa la choroko lilinifikisha kwenye kiganja.

Nilikuwa nimechuchumaa hapo na bisibisi yangu alipopita mzee mmoja jirani yetu, nahodha wa zamani, ambaye siku hizi vyombo vyake vinaendeshwa na wanawe. Nikamwamkia, akaitikia, akasimama kutazama. Nilikuwa nimefikia mahali ambapo chuma kilianza kuonekana katikati, nikawa nataka kuacha.

"Umefika penye uzima?" akaniuliza.

Nikamwambia nadhani nimefika.

"Unadhani?" Akainama, akapitisha kidole gumba pembeni ya shimo langu, kwenye rangi ambayo mimi niliiona haina neno. "Hapa pana kitu chini. Ubao ukioza, mwanangu, hukati pale ulipooza. Unakata mpaka kisu kikatae."

Akaenda zake. Nikakwangua pale alipopitisha kidole na rangi ikabanduka kipande kizima. Chini yake palikuwa pa kahawia.

Tangu siku ile hilo ndilo neno ninalolitumia, penye uzima, na sijaona neno bora zaidi katika maelekezo yote niliyoyasoma kwenye makopo. Wenye vyombo wa pwani hii wamekuwa wakivipandisha ufukweni kwa majira, wakivikwangua, wakivikalafati kwa pamba na mafuta, wakipaka mbao mafuta ya papa yaitwayo sifa, tangu zamani za babu zao. Hakuna nahodha anayefunika ubao uliooza kwa rangi, kwa sababu ni yeye atakayekuwa ndani ya chombo hicho kikiwa katikati ya mkondo. Sisi wenye magari tumerithi bahari ileile na chumvi ileile, ila desturi hiyo hatukuichukua. Tunaosha gari kila wiki, tunanunua manukato ya ndani na vifuniko vya viti, na hatujawahi kulala chali kutazama chini ya milango yetu.

Sasa kazi yenyewe. Osha gari lote kwa sabuni na maji mengi, hasa chini na ndani ya matao ya magurudumu, kisha liache likauke kabisa. Kufanya kazi hii kwenye chuma chenye unyevu ni kupoteza siku. Zungushia mahali hapo tepu ya karatasi na magazeti, uache nafasi ya kutosha, maana doa litakuwa kubwa kuliko unavyodhani. Vaa barakoa na miwani ya kazi. Vumbi la rangi si kitu cha kuvuta, na magamba ya kutu hurukia machoni.

Anza na brashi ya waya, kisha msasa mkavu namba 80. Usitumie maji unapofika kwenye chuma kitupu. Sugua mpaka upate chuma cheupe kinachong'aa, na uvuke mpaka wa kutu kwa sentimita mbili au zaidi kuingia kwenye rangi nzima. Utaona vidoa vyeusi vidogo vimebaki kama alama za ndui. Hivyo ndivyo vinavyowashinda watu wengi. Ni vishimo, na ndani ya kila kimoja kuna kutu na chumvi. Ukivifunika vilivyo, vitaamka. Chokonoa kwa ncha ya msumari au sindano nene, piga tena brashi, futa, tazama kwa tochi. Hapa ndipo saa zinapokwenda, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini fundi anayelipwa kwa kazi moja kwa mteja mwenye haraka hawezi kufika.

Vile ambavyo havitoki hata kwa sindano vinahitaji dawa ya kutu. Zipo za aina mbili kuu. Moja ina asidi ya fosfori, ambayo huibadilisha kutu kuwa fosfati ya chuma, kitu kigumu kisichoyeyuka kirahisi kwenye maji. Nyingine ina tanini. Hiyo ya pili kila mpishi wa kwetu ameiona bila kujua jina lake: ukimenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma, kisu hugeuka cheusi. Ule weusi ni tanini ya ndizi imekutana na chuma. Tanini ya viwandani hutolewa kwenye magome ya miti, na Njombe kuna mashamba makubwa ya miwati yaliyopandwa kwa ajili hiyo, tanini ya magome yake ikitumika kusindika ngozi. Magome ya mikoko ya Rufiji na Lamu nayo yaliuzwa ng'ambo kwa kazi hiyohiyo enzi za ukoloni. Naitaja habari hii kwa sababu watu hudhani dawa ya kutu ni miujiza ya kopo la kigeni. Ni elimu iliyo jikoni kwetu. Lakini mipaka yake ijulikane pia: dawa hufanya kazi kwenye utando mwembamba wa kutu tu. Ukiipaka juu ya magamba itageuza sehemu ya juu kuwa nyeusi, utafurahi, na chini yataendelea yale yale. Kwanza msasa, ndipo dawa. Vaa glavu, na fuata muda ulioandikwa kwenye chupa.

Baada ya hapo futa kwa kitambaa safi chenye tina, na usiguse tena kwa vidole vitupu. Jasho la mkono lina chumvi. Nimewahi kuona alama ya vidole vyangu vinne ikiota kutu chini ya rangi, wazi kama iliyopigwa kwenye kitambulisho.

Sasa haraka inaruhusiwa, tena inatakiwa. Kwa hewa yetu chuma kitupu hakilali. Ukikiacha usiku mmoja asubuhi utakuta kimepata wekundu, na itabidi urudi kwenye msasa. Kwa hiyo panga siku yako: anza mapema kukwangua ili praima iingie mchana, umande ukiwa umekauka, kabla hewa haijaanza kupoa jioni. Na chagua majira. Masika ni wakati mbaya kabisa. Mimi napenda Juni mpaka Agosti, pakiwa pakavu na jua si kali, ila itafutwe sehemu yenye ukuta wa kukinga upepo wa kusi, kwa sababu upepo huo unaleta chumvi na mchanga kwenye rangi mbichi.

Kuhusu praima nina msimamo mkali. Ile ya bei ndogo ya kijivu, inayouzwa kila mahali, hupitisha maji. Imetengenezwa ili isuguliwe kirahisi, na haikutengenezwa kuzuia unyevu. Mtu akiipaka kwenye chuma na kuiacha wiki mbili akisubiri pesa ya rangi, amekifunika chuma kwa sifongo. Kwenye chuma kitupu paka praima ya epoksi, au yenye zinki, tabaka mbili nyembamba. Zinki ina sifa ya pekee: huliwa yenyewe badala ya chuma, ndiyo maana mabati yetu ya paa hupakwa zinki na hudumu miaka mingi. Puti nayo, kama shimo linaihitaji, iwekwe juu ya epoksi na isiwekwe juu ya chuma, kwa sababu puti pia hunyonya maji. Hilo ndilo lililotokea kwenye gari langu. Maji yalipita pembeni, puti ikayanywa, na kutu ikapata kisima.

Rangi ya juu ni sehemu rahisi. Namba ya rangi ya gari imeandikwa kwenye kibati kidogo, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Kwenye Toyota nyingi nyeupe utakuta 040. Wachanganyaji wa rangi wa Kariakoo, au wale wa Grogan kule Nairobi, watakuchanganyia kwa namba hiyo. Piga tabaka nyembamba kadhaa, ukiziacha zipumzike dakika kumi na tano au zaidi kati yake. Ukipiga moja nene itachuruzika. Nina onyo moja ambalo sitaki lipite: ile rangi ya juu ya kung'arisha inayochanganywa na kikaushio, aina ya vitu viwili, mara nyingi ina isosianati, na mvuke wake unaweza kumpa mtu pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa haizuii. Usiipulize kwenye uwanja wa nyumba wanapochezea watoto. Tumia ya kopo la kawaida, au umpelekee fundi mwenye chumba na vifaa amalizie hatua hiyo moja. Atafanya vizuri, na chini yake patakuwa penye uzima.

Je, rangi italingana? Kwa jicho la karibu, hapana. Rangi ya gari la miaka kumi na tano imepigwa jua miaka kumi na tano, na namba ya kiwandani inakupa rangi ya siku lilipozaliwa. Nimelikubali hilo. Naona aibu ndogo ya kiraka kinachoonekana ni bora mara nyingi kuliko mng'aro niliouziwa mara ya kwanza.

Kuna sehemu ambayo karibu kila mtu huisahau, nami niliisahau: upande wa nyuma. Kutu ya chini ya milango mara nyingi huanzia ndani kuja nje. Maji ya mvua hupita kwenye mpira wa kioo, hushuka ndani ya mlango, na yanatakiwa yatoke kwenye matundu madogo yaliyo chini kabisa. Matundu hayo huzibwa na vumbi na majani. Mlango unageuka ndoo. Nenda leo, fungua mlango, pitisha njiti chini yake utafute matundu hayo. Nilipozibua ya gari langu yalitoka maji meusi kiasi cha kikombe. Yakikauka, pulizia ndani nta ya kukinga bodi ienee kwenye mikunjo. Kama una gari la kubebea samaki, osha sakafu kwa maji baridi kila siku ya kazi, kwa sababu barafu iliyoyeyuka na maji ya samaki hula chuma haraka sana.

Nimesema mafundi wana kazi zinazowahitaji wao. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Sauti kavu ya bati ni dalili njema. Sauti iliyokufa, au bisibisi ikizama, ina maana chuma kimekwisha, na hapo msasa wako hauna kazi. Ikiwa pametoboka kwenye paneli ya nje tu, pakatwe, pachomelewe bati jipya. Ikiwa ni kwenye chesisi, kwenye kizingiti cha chini ya milango pale jeki inapokaa, mahali springi zinaposhikia, mahali mkanda wa kiti ulipofungwa, au kwenye mabomba ya breki, usijaribu hata siku moja kuziba kwa puti wala kwa kitambaa cha faiba. Vitu hivyo vinabeba uhai wa watu. Katika ukaguzi wa kila mwaka wa magari Uingereza, mkaguzi anatakiwa kutazama kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka sehemu kama hizo, na kiraka cha puti au faiba hapo hakikubaliwi. Kinatakiwa chuma kilichochomelewa. Natamani kanuni hiyo ya sentimita 30 ingefundishwa kwa kila anayekagua gari katika nchi zetu. Nimepanda daladala ambayo abiria walikuwa wanaweka miguu pembeni kukwepa ubao uliofunika tundu la sakafu. Bodi yake ilikuwa imepakwa rangi mpya na kuandikwa maneno mazuri ubavuni.

Jambo hili linatuhusu kuliko wengi kwa sababu magari yetu mengi tumeyanunua yakiwa yametumika. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Tanzania huyapokea ya zamani zaidi kwa kuyatoza ushuru wa uchakavu. Mengi yanatoka Japani, na Japani ina mikoa ya kaskazini, Hokkaido ikiwa mojawapo, ambako barabara za majira ya baridi humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Gari la huko linaweza kuja na viti vipya na injini tamu, huku tumbo lake limeungua. Habari hiyo mara nyingi imeandikwa wazi kwenye karatasi ya mnada ambayo wanunuzi wetu hawaiombi. Juu ya mchoro wa gari huwa pana herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, S ni kutu, kutokana na neno sabi la Kijapani, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Namba iliyo pembeni huonyesha ukali wake. Mtu anayekuuzia gari kutoka kule mwombe karatasi hiyo, tena mwombe na picha za chini.

Na huku kwetu, gari likiuzwa na dalali, beba sumaku ndogo ya friji iliyofungwa kitambaa laini. Ipitishe chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu. Penye bati itashika. Penye puti nene itaanguka. La kuvunda halina ubani, walisema wazee, na sijui kama walipata kuona gari lililopakwa rangi wiki moja kabla ya kuuzwa, lakini walilieleza. Kwangu hilo ni zaidi ya suala la pesa ya mnunuzi. Anayeziba kizingiti kilichooza kwa puti ili auze, anamkabidhi mtu mwingine mahali ambapo jeki itazama siku moja gari likiwa juu na mtu akiwa chini.

Doa langu limepita masika mawili sasa. Ukisimama pembeni saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala, unaliona: ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, jeupe kuliko bodi iliyolizunguka, na upande mmoja rangi ina chembechembe kwa sababu upepo ulinizidi. Hakuna lengelenge. Kila mwisho wa mvua napitisha kidole gumba pembeni yake, kama alivyofanya mzee.

Mwezi uliopita alikuja mpwa wangu, ambaye amepata kazi na anataka kulichukua gari hili nikipata jingine. Alilizunguka polepole, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma.

"Mjomba, hapa pamepigwa rangi."

Nikamwambia ndiyo, nimepiga mimi. Nikafungua simu nikamwonyesha picha nilizopiga siku ile: unga wa kahawia, puti iliyobanduliwa, kisha chuma cheupe kabla ya praima. Alizitazama moja moja, akazirudia. Kisha akarudi kwenye gari, akagonga kiraka kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akasogea mlango wa mbele, akalala chali kwenye mchanga na shati lake la kazini, na baada ya muda nikasikia sauti yake kutoka chini ikiuliza brashi ya waya iko wapi.